Vazi la Chuma Ulilolipangusa

Papa wangu,

Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, courant ya umeme imerudi mchana, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikinguruma. Nimewasha ule mchezo wetu. Bora nikuambie mwenyewe kilichotokea.

Bado nacheka nikikumbuka ulivyouanza. Ulikuwa sebuleni na rozari yako, mimi na kaka tunapigana kwa panga za zamani za wafalme kwenye skrini, naye akapiga kelele: "Eh, usure imepita kipimo!" Mchezo wenyewe uko kwa Kifaransa, na uchakavu wa vazi la chuma unaandikwa hivyo, usure. Lakini wewe, mtu wa misa ya kwanza, neno hilo ulilijua kwa mahubiri tu, kukopesha watu kwa riba. Ukasimama wima.

"Mu nyumba yangu? Batoto bangu banafanya usure? Ile ni zambi!"

"Apana, Papa," kaka akasema, mbavu zikimuuma kwa kicheko. "Ni chuma njo inazeeka."

Ukavaa miwani, ukasogea. Shujaa wetu alikuwa na matope mpaka magotini, damu imekauka kifuani, kutu imeanza kumla mabega. Hukuuliza kama ameshinda. Ulisema tu, "Na munamuacha hivi? Leta nioshe uyu mutu."

Tangu siku hiyo tuligawana kazi. Mimi napigana, wewe unapangusa. Manette, kile kidude cha kuchezea, nilikukabidhi tukifika kwenye benchi ya fundi wa chuma, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kukuharakisha. Nilipokubembeleza ujaribu pambano moja ulikataa katakata: "Ya kupigana, apana. Basoda ba vita benye niliona mu maisha bananitosha." Ukaendelea na kitambaa chako cha humo mchezoni. Miguu kwanza, kifua, mabega, kofia mwisho, kwa subira ileile uliyofutia viatu vyako penye lango la ofisi pale Ibanda, baada ya kushuka kilima chetu chenye udongo mwekundu. Na mchezo ulikuunga mkono, maana shujaa akiingia mjini mchafu wauzaji wanamgeuzia mgongo, akiingia anang'aa wanamwinamia.

"Unaona, maman?" Ndivyo ulivyoniita, maman, ingawa mimi ni kitinda mimba wako. "Bukavu nayo iko vile vile."

Kisha kaka akahamia Kinshasa, Mama akatutangulia, tukabaki wawili. Halafu wewe ukaugua. Mara ya mwisho ulipangusa ukiwa umejifunika blanketi, na kofia ilikuchukua muda mrefu kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka. Nilitaka kukusaidia, ukanitazama kwa jicho lile, nikatulia. Wiki hiyohiyo tukakupeleka hospitali. Tulikuzika Katana, kwenu, kaka akifuata misa kwa simu kwa vile njia zilikuwa zimefungwa.

Baada ya hapo shujaa hakutoka tena. Alisimama mbele ya benchi, anang'aa. Nilikuwa nawasha, namtazama, nazima. Ningemtoa hatua chache tu matope yangemshika, na kazi ya mikono yako ingefutika. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi lako nilikuwa naliona kila jioni likimeremeta kwenye skrini, na nilikuwa mchoyo nalo. Kaka alipopiga simu alinisema: "Petite, cheza basi. Unamulinda nani pale?" Nilimkatia.

Ukweli ni kwamba upweke umenizidi, Papa. Ofisini wananisalimia vizuri, jumuiya walikuja kusali wakaimba, kisha kila mtu akarudi kwake. Napika sombe ya mtu mmoja na bado inabaki. Nakula nimesimama jikoni, kwa sababu nikikaa mezani naona kiti chako.

Leo nimemtoa. Sikupanga, kidole kilibonyeza. Kwenye mchezo nako mvua ilikuwa inanyesha, na adui wa kwanza alimwangusha kifudifudi kwenye tope. Nilitaka kuzima, nikajua nimechelewa, maji yakimwagika hayazoleki. Basi nikapigana mpaka mwisho, kwa hasira, vibaya, nikamrudisha kwenye benchi akiwa hatambulikani.

Nikakaa mahali pako. Sikuwahi kupangusa hata mara moja, unajua hilo. Nilianza na miguu. Nilienda polepole, nikingoja mahali patakaponishinda, labda bega, labda ile kona ya nyuma ya shingo uliyokuwa ukiirudia. Nilitaka doa libaki, Papa. Nilitaka lionekane wazi kwamba aliyekuwa akiifanya kazi hii hayupo.

Halikubaki. Kofia inang'aa vilevile, mabega vilevile, na mtu akiingia sasa hivi hawezi kujua ni nani kati yetu aliyepangusa. Nilikuwa nimejiandaa kushindwa. Kuweza sikujiandaa, na nimelia kuliko nilivyolia Katana.

Ulale salama, Papa. Umsalimie Mama, umwambie nyumba ni safi.

Binti yako wa mwisho