Kiti cha Mkoba

Dada yangu mpenzi,

Salamu kutoka huku majini. Mimi ni mzima, ila nimefura kwa hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Ukumbi wa chakula ni mzuri, vitambaa vya meza vyeupe pee. Tatizo ni abiria. Kuna familia moja inakuja kula imechelewa saa nzima, watoto wanarushiana mikate mpaka inawaangukia watu vichwani, na baba yao anamwita mhudumu kwa mluzi. Mluzi, dada, kama anaita mbwa! Jana alirudisha supu mara tatu: mara ya moto mno, mara imepoa, mara haina chumvi. Mhudumu mwenyewe ni mama wa makamo, miguu imemvimba inataka kupasua viatu. Alisema tu, "Samahani, bosi," akageuka. Nikaona mgongo wako.

Uvumilivu ukanishinda. Nilisimama nikamwambia yule baba mbele ya ukumbi mzima, "Wewe umesomeshwa na mwanamke aliyebeba sahani kama hizi!"

Ndiyo, dada. Ni kitindamimba wetu, uliyemlea kwa mikono yako. Akaninong'oneza, "Usinitie aibu mbele ya wakwe zangu."

Alikwambia hukupata nafasi kwa sababu meli imejaa. Meza yetu ina viti vinane, nasi tuko saba. Cha nane, tangu siku ya kwanza, kimekaliwa na mkoba wa mkewe.

Mdogo wako,
anayeshuka bandari ijayo.