Paa Lisilovuja Halifai

Mama Naomi mpenzi,

Mwaka huu sikutaka kujenga kibanda. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimemeza dawa ya presha.

Wewe wajua ni kibanda gani, lakini barua hii itasomwa na wengine, nami sijawahi kupita jambo bila kulieleza. Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika hapa London, sisi Wayahudi hujenga kibanda uani na kula humo siku saba, tukikumbuka wazee wetu walivyozunguka jangwani bila nyumba. Wewe ulizaliwa katika lile kundi dogo la Wayahudi wa Kenya, kule nyanda za juu. Mimi niliingia nikiwa mtu mzima, kwa kukupenda wewe kwanza na Mungu wako baadaye, jambo ambalo rabi aliniomba nisilirudie mbele ya watu.

Mwaka wetu wa kwanza hapa Harrow nilikuambia uniachie kazi hiyo. Baba yangu alikuwa fundi wa kuezeka nyumba za nyasi. Nikakata matete, nikayafunga safu juu ya safu kwa siku tatu. Mama Jyoti, jirani yetu, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alichungulia juu ya ua akauliza, “Mwalimu, kuku ngapi?” Kisha rabi akaja, akatazama juu.

“Mvua ikinyesha itapenya?”

“Hata tone moja,” nikasema.

Akasikitika kweli. “Basi halifai.”

Akaeleza kwamba paa la kibanda hutoa kivuli, lakini lazima liache mvua kubwa ipite, na ni vizuri nyota zionekane. Paa lisilovuja ni la nyumba, na nyumba tayari tunayo. Ulicheka hadi ukashika nguzo, na nguzo ikaondoka nawe. Mimi nikapanda ngazi kubomoa kazi ambayo baba angeisifu mbele ya kijiji kizima.

Miaka iliyofuata supu yetu ilinyeshewa vya kutosha. Sheria ni pole hapo: mvua ikiharibu supu, ingia ndani, na anayeng'ang'ania kubaki hahesabiwi mtakatifu bali mjinga. Mimi nilibaki kila mara, nikiamini kwamba mateso lazima yawe na somo. Wewe ulisimama mlango wa jikoni na sahani yako kavu. “Mwalimu, Mungu amekuruhusu. Anayekataa ni wewe.”

Mwaka jana ugonjwa wako ulikuwa umefika mifupani. Nilikusomea sheria: mgonjwa amesamehewa kukaa kibandani, na anayemuuguza pia. Ukasema, “Mimi sijaomba kusamehewa. Lete koti.” Nikakuvika makoti mawili na ile kofia ya Naomi ya utotoni yenye masikio ya sungura, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Ulikula vijiko vitatu. Upepo ukatikisa kuta za turubai, nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya kibanda.

“Kiache,” ukasema. “Nyumba zote zinatikisika. Hiki angalau hakijifanyi imara.”

Nimefundisha maisha yangu yote na sijawahi kueleza mateso vizuri hivyo. Nilidhani imani ni kama ufundi wa baba yangu: ukiezeka vyema, huzuni haipiti. Kumbe tumeamriwa tukae chini ya paa linalovuja, na tena, hapa ndipo sheria iliponishinda, tumeamriwa tufurahi. Furaha ya sikukuu hii si hiari. Nami niliona kwamba kufurahi bila wewe ni kukuibia.

Basi nikaenda kwa rabi na hoja yangu. Anayeteseka kibandani amesamehewa. Mimi nateseka. Kwa hiyo nimesamehewa.

Rabi akanimiminia chai. “Mvua ukiikimbia, inabaki nje. Huzuni yako je, ukiingia jikoni, haitaingia nawe?”

“Itaingia.”

“Basi mfiwa hakusamehewa. Kajenge.”

Nilitafuta kosa katika hoja yake safari nzima ya treni, nisilipate. Nikampigia Naomi ili alalamike pamoja nami. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba rabi yuko sahihi na nyundo iko chini ya sinki.

Nikajenga. Siku nne nilikaa humo peke yangu nikitazama mawingu, nikingoja ruhusa ya kisheria ya kuingia ndani. London hii, Mama Naomi, haikutoa hata tone.

Siku ya tano Mama Jyoti akaja na bakuli la machungwa mazima, kwa kuwa anajua masharti yetu ya chakula: tunda lisiloguswa na kisu halina mwiko. Akaketi kwenye kiti chako, hakuna aliyemwambia ni chako. Akatazama paa langu, ambalo kwa mikono hii inayotetemeka lilikuwa na mashimo ya kupitisha paka.

“Mwalimu,” akasema, “hii ni mtindo ya dini, ama ni uzee?”

Nilicheka. Sikucheka kwa adabu. Nilicheka hadi ikabidi anipigepige mgongoni, naye akicheka, kisha tukamaliza bakuli zima. Alipoondoka ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimekuomba ruhusa.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitaka kukueleza jambo hilo kwa mpangilio, kama nilivyokuzoesha. Sina maelezo. Nilifurahi, mpenzi, nawe hukuwepo.

Pumzika.

Mume wako,
Baba Naomi