Shahidi wa Ndoa Yako

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu

Ndugu yangu Badawi,

Assalaam alaykum. Kabla sijakuuliza hali ya magoti yako na joto la huko Malindi, nina neno nililokuficha miaka arubaini na sita, na nguvu za kulibeba zimeniishia. Nitalifikia. Niache nipumue kwanza. Mkono huu ukiandika mistari mitatu huomba ruhusa.

Mimi nipo, ila si wa kudumu. Daktari ameacha kunitajia miezi. Ndinda, anayeniuguza, hunikemea kama mamangu. Juzi alisema nikitaka kufa nisubiri amalize kuosha vyombo.

Yuko pia Bi Somalatha, mama wa Sri Lanka anayekuja kuninyoosha miguu. Dini yake ni ya Buda. Alinisikia nikisonya pale jirani yangu Juzer alipopata mjukuu, akanifundisha kuketi kimya, kufuata pumzi, kisha kumfikiria mtu aliyejaliwa heri na kumwambia moyoni: furaha yako isikuondoke. Nilimuuliza kama ataka kunitoa katika Uislamu. Akacheka, akasema hajaniomba nimwabudu mtu, ameniomba niache kununa.

Nilianza na Ndinda, ambaye mwanawe amepata kazi bandarini. Ikawa rahisi. Juzer alinichukua wiki mbili. Kisha ikaja barua yako, kwamba Maleka, sasa mjane, amekubali, nawe wataka niwe shahidi wa ndoa yenu Ijumaa ya wiki ijayo. Nikaketi, nikakuleta mbele yangu. Neno halikutoka. Siku tisa, Badawi. Bi Somalatha akasema kuna mlango nimeufunga mwenyewe, na mwenye ufunguo ni mimi.

Wakumbuka posa yako ya kwanza iliporudishwa? Hadi leo wewe waamini watu wa Maleka walikuona fukara. Sivyo. Ami yake Maleka alinijia kuulizia mwenendo wako, kama ilivyo ada, kwa kuwa mimi ndiye niliyekujua zaidi. Nilimwomba radhi, nikasema juu ya Badawi nisiulizwe. Basi. Wajua kwetu rafiki akijitoa hivyo watu huelewa nini: kwamba mposaji ana aibu isiyotamkika. Sikusema uongo hata mmoja, na kwa hilo nilijisifu miaka mingi.

Leo asubuhi, nilipokata shauri kukuandikia, neno lilitoka. Furaha yako isikuondoke. Nililisema mara tatu, nikachoka, nikalala.

Msomee Maleka barua hii kabla ya Ijumaa hiyo. Mkiona vyema, tafuteni shahidi mwingine, sitanuna. Nisalimie dada zako, na Ndinda awasalimu.

Utadhani nilimtaka mwenyewe. La. Sikuwahi kumtaka Maleka. Siku ile ulipopeleka posa ulikuja kwangu uso umejaa nuru, ukanishika mkono, nami sikuweza kuvumilia kukuona umefurahi hivyo.

Wako,
Taib