Mashine Isizimwe

Jumapili, 28 Desemba
Zamu imeisha saa tisa. Nimekunja shuka za hoteli mpaka mikono imekufa ganzi. Nyumbani nimemkuta mwanangu Nasra yuko na Akinyi, Mkenya tunayepanga naye huku ughaibuni. Mtoto ameshakaa mbele ya TV, pedi ya kuchezea gemu mkononi, ananingoja. Sheria ni ile ile: kwanza ale, aoge, halafu saa moja ya gemu. Saa moja tu. Amekula wali kama anafukuzwa.

Mashine ya gemu ya kizamani, kaseti ya Kijapani. Nimegawiwa na Mfilipino wa kazini aliyerudi kwao moja kwa moja. Gemu hilo hilo nililicheza Tanga na dada yangu Zuhura, nina miaka tisa. Hatukujua herufi hata moja. Tulijua mstari wa kwanza ni kupiga, wa pili dawa, wa nne kukimbia. Mpaka leo najua. Muziki wake ulipoanza, wiki iliyopita, nililia. Nikasingizia kitunguu.

Jumatatu, 29 Desemba
Betri ndogo iliyo ndani ya kaseti imekufa. Ukizima, yote yanafutika, unaanza upya. Kwa hiyo hatuzimi. Siku ya nne mashine inawaka usiku na mchana, TV tu ndiyo tunazima. Ukiigusa ina joto kama mtoto mwenye homa. Fundi simu wa mtaa wa Al Sadd alisema betri inabadilishika, ila lazima kwanza mashine izimwe, kaseti itolewe. Nimeondoka. Nimebandika karatasi kwenye swichi: MSIGUSE.

Jumamosi Nasra anaondoka. Baba yake amepata likizo, anampeleka Tanga kwa bibi akaanze darasa la kwanza. Sisi wote tuna zamu, hapa hakuna wa kushinda naye. Nimeshaamua. Lakini nilimwahidi kwamba kabla hajaondoka tutampata mfalme aliyetekwa, mwisho wa gemu. Mimi na Zuhura hatukufika. Kaseti ilikuwa ya jirani, wakahama nayo.

Nasra kasema, "Tusipompata, siendi."
Nikamwambia utakwenda. Kaninunia mpaka kalala.

Jumanne, 30 Desemba
Leo tumezunguka tu kwenye majani nje ya mji, tunapigana na popo na vyura ili watu wetu wapate nguvu. Ndivyo gemu hizi zilivyo. Nusu ya safari ni kuzunguka pale pale. Nasra amewapa majina wote wanne: Bakari mnene, Shangazi, Kobe, na yule wa kuponya ni Bibi Dawa.

"Mama, mbona tunazunguka?"
"Tunapata nguvu."
"Mimi nimepata usingizi."

Baba Nasra karudi na funguo za gari la watu analoendesha mkononi, kasimama mlangoni anacheka. "Mtu na akili zake anapigana na chura." Dakika tano baadaye alikuwa amekaa chini na sisi, anatuamrisha tununue ngao.

Nimecheka leo. Sijui mara ya mwisho lini.

Jumatano, 31 Desemba
Zamu mbili. Wageni wa mwaka mpya. Hakuna gemu. Nimemkuta amelala, pedi kifuani. Nimekaa namtazama. Miguu inaniuma.

Alhamisi, 1 Januari
Tumeingia ngomeni. Bibi Dawa alianguka ghorofa ya pili, tukatoka mbio, tukamponya, tukarudi. Nasra alinishika mkono muda wote, kiganja kimelowa jasho. Tumefika kwenye mlango mkubwa wa mwisho. Hapo hapo saa moja ikaisha.

"Dakika kumi tu, mama. Nakuomba."

Nikakataa. Kesho sina kazi, tutamaliza kesho mchana tukiwa tumetulia. Nikilegeza leo, kesho atataka ishirini. Kalia kidogo. Nami nilitaka kuufungua ule mlango, basi tu.

Ijumaa, 2 Januari
Imepotea. Yote.

Asubuhi nilikuwa namsuka Nasra nywele za safari. Akinyi alikuwa anapiga pasi gauni lake la kanisani, aende ibada Mesaimeer, maana huku wanasali Ijumaa. Nikamwomba anipigie na la Nasra. Kachomeka pasi kwenye ekstensheni ile ile ya mashine. Umeme ukakatika chumba kizima. Uliporudi tukawasha TV. Muziki wa mwanzo. Hakuna Bakari, hakuna mtu.

Nilimpigia Akinyi kelele. Karatasi huioni?
"Woi, mama Nasra, swichi sijagusa! Nimeeka tu pasi hapo kando. Na si ni wewe umeniambia nipige hiyo dress?"

Ni mimi. Akinyi kaenda kanisani na gauni lina mikunjo upande mmoja.

Nasra hakulia. Bora angelia. Kasema tu, "Zilikuwa dakika kumi." Kisha kageukia ukuta, kichwa nusu kimesukwa. Nikamwambia tuanze upya. Hataki. Baba yake kajaribu. Hataki.

Jioni nimemwomba Akinyi radhi. Alikuwa amerudi na chapati za wenzake wa kanisani. "Wacha hizo, dada. Kula kwanza." Nimekula huku machozi yanatoka. Nilikuwa sahihi jana, na nimekosea jana. Yote mawili.

Jumamosi, 3 Januari
Wameondoka. Uwanja wa ndege hakutaka nimbusu. Nikamwambia umsikilize bibi, usichezee maji ya kisima. Kaitikia kwa kichwa, anatazama viatu vyake. Hakugeuka nyuma. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka.

Mwanangu kaondoka amenikasirikia. Hilo ndilo linaloniuma, gemu halina shida.

Jumatatu, 5 Januari
Nimepiga simu baada ya kazi. Bibi kapokea, kaniwekea sauti kubwa, maana alikuwa anachambua mchele. Nasra alikuwa katikati ya hadithi.

"...mlango ukafunguka. Mfalme kumbe yuko chini ya kitanda. Anaogopa mende."
"Mfalme mzima!" bibi anasema.
"Ndiyo. Hataki kutoka. Mama ndiye aliyemvuta mguu." Kisha sauti ikasogea karibu na simu. "Si kweli, mama?"

Nikasema kweli.

"Alikuwa mzito?" bibi kaniuliza.
Mzito sana, nikamwambia, na miguu michafu. Nasra kacheka mpaka kakohoa. Bibi akataka kujua mfalme alivaa nini. Nasra akaanza kumweleza, rangi moja baada ya nyingine. Nikaiweka simu juu ya mto, nikalala kando yake, nikasikiliza.