Kwa Enoka, Kuhusu Kaka Masunga

Kasekese

Mdogo wangu Enoka,

Hatujambo. Mahindi yamekomaa, na mama ameanza kula kidogo. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu nashindwa kumaliza.

Umeuliza kaka Masunga alikuwaje kabla ya kujiua. Alikuwa kimya. Ng'ombe walipokufa kwa ugonjwa na mke wake akarudi kwao na watoto, aliendelea kwenda shamba kama kawaida. Nilimwuliza, "Kaka, unalala kweli?" Akacheka. "Mimi mwanaume, Kabula. Itapita." Baba mdogo akamsifu mbele za watu kwamba amejikaza.

Unakumbuka nilipofiwa na mwanangu, nami nikataka kufa. Masunga ndiye aliyeniwahi, akanipeleka hospitali Mpanda kwa pikipiki. Njia nzima alinisihi, "Usituache, mdogo wangu." Niliporudi, akina mama wa kwaya walilala kwangu kwa zamu, wakanipikia, wakaniacha nilie mpaka nichoke. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Kwa Masunga hakulala mtu hata mmoja. Tulidhani mwanaume hahitaji.

Msibani wanaume walikaa macho makavu, wakiongelea mvua. Niliwaangalia nikakuwaza wewe, uko peke yako huko Geita na msiba huu.

Enoka, mimi dada yako sitaki ujikaze. Chukua ruhusa kazini, uje. Mama ametandika kitanda chako. Ukifika, lia hata mbele ya baba mdogo. Mimi nitakaa pembeni yako.

Dada yako,
Kabula