Mwanya wa Somoe

Jumanne, 14 Mei

Nimezipunguza "s" zote za Somoe kwenye wimbo wake, na nimejuta. Fundi wa kiwandani aliandika kwamba zikibaki kali vile, sindano itakwaruza zikishachongwa kwenye santuri. Siku tatu nimezilainisha moja moja mpaka wimbo ukawa safi.

Leo mama mkwe kaja kutoka Mchinga. Nikamvisha hedifoni.

"Nani huyu?"

"Somoe, mama."

"Somoe gani? Mwanangu alikuwa na mwanya. Akiimba 'sasa' unasikia kamluzi. Huyu umemziba meno, baba."

Alicheka, kisha akazivua taratibu. Mke wangu ana miaka miwili kaburini, na kile kimluzi ndicho ninachokikosa zaidi humu ndani.

Alipoondoka nimezirudisha "s" zote. Wimbo nimeuhamisha uwe wa kwanza, ukingoni mwa santuri, ambako sindano huzivumilia zaidi, na sauti yote nimeishusha ili zisikwaruze. Santuri yetu italia chini kuliko za wenzetu.

Basi anayetaka kumsikia atasogea karibu, kama nilivyokuwa nikisogea mimi.