Pikipiki Kumi na Moja za Siku ya Mvua

Mwanga, Kigoma
14 Septemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa jirani yetu Davis, na nimefurahi kusikia kuwa goti limepoa na kwamba Mama amerudi salama kutoka Nzega. Sisi huku tu wazima. Mkweo Edina anakuamkia, mtoto ameota meno mawili na hakuna kitu kinachosalimika mbele yake. Vumbi ni jingi, mvua bado. Dagaa wamepungua wiki hii kwa sababu ya mbalamwezi, lakini hatujalala njaa.

Umeniuliza kwa nini Davis alinikuta gereji nimevaa ovaroli yenye grisi, wakati wewe unawaambia watu hapo Tabora kuwa mwanao ni mkaguzi. Davis naye aliniuliza, nikamwambia tuna upungufu wa mafundi. Wewe sitakujibu hivyo.

Shirika letu lina pikipiki nyingi za kupeleka watumishi kwenye kambi za wakimbizi na bandarini, na karibu zote ni za zamani. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mwezi nizikague moja moja. Mkaguzi anapaswa kuipanda mwenyewe, aiendeshe barabarani, ashike breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, ndipo aandike. Breki ya pikipiki iliyosimama haikuambii kitu. Nikishatia sahihi, dereva anapewa nakala ya karatasi, na anaondoka akijua chombo chake ni kizima.

Mbovu kwa sura kuliko zote ilikuwa ya Melania, muuguzi wa chanjo, mama wa Kibondo asiye na maneno mengi. Ilikuwa imeachwa na mapadre, ina miaka kumi na minne, mshale wa kilomita ulikufa zamani, na kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Hata hivyo ilikuwa ikiwaka kwa teke la kwanza. Aliyeitunza ni fundi wetu Nikodemu, Muha wa Kasulu, ambaye huongea na injini kwa Kiha kana kwamba ni ng'ombe.

Mwezi wa tatu watu kutoka ng'ambo ya ziwa walikuwa wakishuka bandarini kila siku, na surua ilikuwa imeingia kati ya watoto. Melania alikuwa akienda na kurudi na sanduku lake la barafu tangu alfajiri. Tarehe ishirini, akiteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni, alikanyaga breki ya nyuma isishike. Mbele yake mwanamke mkimbizi alikuwa anavuka barabara na furushi kichwani na mtoto mgongoni. Melania alichagua mtaro. Mwanamke yule hakuguswa. Melania alivunjika mguu chini ya goti, mahali pawili.

Mkuu wetu aliitisha kikao. Karatasi yangu ya tarehe kumi na mbili ilisema breki zote mbili ni nzuri. Tarehe kumi na tano Nikodemu alikuwa amefungua gurudumu la nyuma kuziba pancha. Mkuu akaona jambo liko wazi: chombo kilikuwa kizima, fundi akakifunga vibaya. Nikodemu alisimama akasema kwamba siku ya ukaguzi alinionya kuwa breki ile inashika na kuachia, akaniomba niijaribu barabarani. Mkuu akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema sikumbuki.

Nikodemu akaachishwa kazi pale pale. Aliniangalia kidogo, akaenda kukusanya spana zake. Baadaye nilisikia anatengeneza baiskeli kule Kasingirima.

Nilikaa hivyo wiki tatu. Kazi iliendelea, na mimi nilikula na kulala kama kawaida; hilo nalo nakuambia ili usidhani niliteseka sana. Kisha nikaenda hospitali kumwona Melania, kwa kuwa watumishi wote walikuwa wamekwisha kwenda na mimi nilibaki peke yangu.

Alinikaribisha vizuri. Akanieleza kwamba siku mbili kabla ya kuanguka alianza kuhisi breki inalegea. Alitaka kuirudisha gereji, lakini akaitazama karatasi yangu mfukoni, akaona imeandikwa nzuri. "Nikadhani ni mguu wangu umechoka," alisema. "Nikawa nakanyaga kwa nguvu zaidi."

Baba, nilikuwa nakumbuka. Nikodemu aliniambia kwa sauti, mbele ya pipa la mafuta, na mimi nilimsikia. Ningependa kukuandikia kwamba siku ile niliharakisha kwa ajili ya watoto wa bandarini. Ukweli ni kwamba mvua ilikuwa inanyesha na sikutaka kulowa. Nilikaa chini ya bati na kikombe cha chai, nikaandika nzuri, nzuri, nzuri, mpaka karatasi zikaisha. Sikupanda pikipiki hata moja.

Nilimwambia Melania maneno hayo hayo, pale pale kitandani. Alitazama plasta ya mguu wake. Nilingoja anitukane. Badala yake akauliza, "Siku hiyo ulikagua ngapi?"

Nikamjibu kumi na moja.

"Na hizo kumi ziko wapi sasa hivi?"

Baba, katika wiki tatu zote sikuwa nimejiuliza swali hilo. Nilikuwa nimewaza juu yangu na kidogo juu ya Nikodemu. Niliondoka bila kuaga. Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza yote, kisha nikaomba zote zirudishwe. Ilichukua siku mbili kuzipata. Nane zilikuwa salama. Moja haikuwa na breki ya mbele kabisa. Ya mwisho nilimkuta nayo dereva wetu Dotto njia ya Kasulu, amempakia mkunga; waya wa breki ulikuwa umebaki nyuzi tatu. Niliwashusha wote wawili, tukaisukuma mpaka kijiji cha karibu.

Mkuu alimrudisha Nikodemu na kumpa ukaguzi. Mimi niliwekwa chini yake, ndiyo sababu ya ovaroli. Nikodemu hunisalimia kila asubuhi na kunifundisha kazi bila kinyongo cha wazi, ila chakula cha mchana hula peke yake.

Melania amerudi kazini mwezi huu. Anachechemea. Alipopewa pikipiki nyingine, nayo ya zamani, aliuliza nani amefunga breki. Nikodemu akamwambia ni mimi, na kwamba yeye mwenyewe ameshaijaribu. Melania akaipanda, akaizungusha mpaka getini, akarudi, akaniambia ya nyuma niikaze kidogo. Nikapiga magoti nikaikaza. Akajaribu tena, akaondoka.

Nakuomba wanaokuuliza habari zangu uwaambie mwanao ni fundi msaidizi. Mama msomee barua hii yote, usiruke sehemu yoyote. Msalimie dada Honorata na watoto wake, na majirani wote wa upande wa reli. Edina anamtumia Mama mawese kidogo kupitia Davis. Chupa isilazwe, kifuniko chake hakikaziki vizuri.

Mungu akutunze, Baba.

Ni mimi mwanao,
Benedict